Maumivu ya Mkono Yatokayo Shingoni

(Maneno aliyoyasema mwanachama wetu wa gengi la reli mbele ya mkutano wa tawi)



Mimi si daktari. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, na kazi yangu ni kutengeneza njia ya reli. Lakini ugonjwa huu umenishika mwenyewe, na kwa kuwa daktari alinieleza vizuri, Katibu ameniomba niwaeleze nanyi.

Ulianza baada ya siku moja ya kupakua mataruma. Kesho yake bega la kulia liliniwaka kama moto, maumivu yakashuka mkononi, na kidole gumba kikafa ganzi. Nikadhani ni mkono. Niliusugua kwa mafuta majuma mawili, na kazini nikanyamaza, kwa maana niliogopa kuitwa mvivu. Kumbe mkono haukuwa na kosa lolote.

Shingo ina pingili 7 za mfupa. Baina ya pingili na pingili, isipokuwa zile mbili za juu kabisa, pana diski. Ninyi wa gengi mnaujua ule mpira tunaouweka kati ya reli na taruma la saruji. Diski hufanya kazi kama hiyo, ila nje ni ngumu na ndani ni laini kama ute mzito. Umri ukienda hukauka na kupungua unene, hata kwa karani asiyebeba kitu. Pengine ukuta wake hupasuka, ule ulaini ukatokeza na kuubana mshipa wa fahamu uendao mkononi. Ndiyo sababu unaumia mahali pasipo na ugonjwa. Mara nyingi ni kati ya pingili ya 5 na ya 6, na ganzi huja kwenye gumba. Au kati ya ya 6 na ya 7, na ganzi huja kwenye kidole cha kati.

Tena msitishwe na picha peke yake. Mwaka 2015 madaktari wa Japani walitoa habari za watu 1,211 wasio na maradhi ya shingo, waliopigwa picha kwa mashine ya sumaku. Karibu 88 katika kila 100 walikuwa na diski zilizotokeza, nao hawana habari!

Wengi wetu hupona bila kisu, kwa majuma au miezi michache. Kile kipande kilichotoka, mara nyingi mwili wenyewe hukiyeyusha. Meza dawa kama ulivyoagizwa, tembea, geuza shingo polepole, fanya mazoezi unayofundishwa hospitali. Usilale kitandani mwezi mzima. Na yule kinyozi apendaye kukupinda shingo mpaka ilie, mwambie akunyoe nywele tu.

Lakini liko jambo moja ambalo halingoji. Katikati ya pingili hupita kamba kuu ya fahamu, iendayo hata miguuni. Ikibanwa hiyo, mtu hushindwa kufunga vifungo vya shati, miguu huwa mizito, hujikwaa, pengine hata mkojo humsumbua. Huyo aende hospitali siku ile ile. Vivyo hivyo aliyeanguka au kugongwa shingo, na mwenye shingo inayouma pamoja na homa kali.

Mwenzangu mmoja alianza kujikwaa penye mataruma. Tulimcheka tukisema amelewa. Nami nilicheka. Alipofika kwa daktari wa upasuaji miezi ilikuwa imepita. Alipasuliwa, ugonjwa ukasimama pale ulipokuwa, lakini miguu haikurudi. Anatembea kwa fimbo, na ana watoto wanne.

Basi ukiumia kazini, sema siku hiyo hiyo, na iandikwe. Kwa sheria yetu ya 2007 ya fidia ya wanaoumia kazini, ukikaa miezi 12 bila kumjulisha mwajiri, haki yako inapotea. Sheria nyingine ya mwaka ule ule, ya usalama kazini, inamkataza mwajiri kukubebesha mzigo ambao uzito wake waweza kukuumiza. Na Shirika la Kazi Duniani lilishauri tangu 1967 kwamba mwanamume mmoja asibebeshwe zaidi ya kilo 55.

Asiyejua kuandika vizuri aje kwa Katibu, tutaandika pamoja. Sasa nangoja maswali. Yule ndugu wa nyuma anayejisugua bega tangu nilipoanza, na aulize kwanza.