Afya ya Akili Si Habari ya Wendawazimu Peke Yao
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Ukitaja akili mbele ya watu wetu, wengi hucheka wakasema, "Mpelekeni Mathari." Hospitali hiyo ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1910 iwe nyumba ya kuwaweka wendawazimu, na hata leo jina lake watu hulitumia kama tusi. Kwa kuliogopa tusi hilo wenzetu huficha ugonjwa mpaka ukawashinda.

Sisi twasema hivi. Mwenye afya ya akili si mtu asiye na shida. Nani kati yetu hana shida? Ni yule awezaye kulala, kufanya kazi yake, kuelewana na watu wa nyumbani, na kuchukua taabu za kila siku bila kulemewa. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, yasema afya ni ya mwili na ya akili pia, wala si kukosa ugonjwa tu.

Sasa mtazameni mtu wa zamu ya usiku. Mchana chumba ni kimoja, watoto wanacheza, usingizi hauji. Deni la dukani lamngoja. Miezi ikipita anakuwa mkali, anasahau, chakula hakimpendezi, au anatafuta pombe ili apate kulala. Nyapara aandika: mvivu, mlevi. Barua ya onyo ya kwanza, ya pili, kisha kazi imekwisha. Lakini angevunjika mguu, wote wangekimbia kumbeba!

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, humpa mfanyakazi aliyetimiza miezi 2 mfululizo likizo ya ugonjwa: siku zisizopungua 7 kwa mshahara kamili, kisha 7 kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Yataka cheti cha daktari. Haikusema ugonjwa uwe wa mwili tu.

Basi mwenzenu akibadilika, msimcheke, wala msimnunulie pombe. Muulizeni analalaje, mkamsindikize hospitali kabla barua ya pili haijafika. Akitamka maneno ya kutaka kufa, asiachwe peke yake. Apelekwe siku hiyo hiyo. Mwajiri aarifiwe mapema kwamba mtu ni mgonjwa, maana sheria yataka hivyo. Cheti kipitie kwa katibu wa tawi, nakala ibaki ofisini, na katibu asiitangaze kwa mtu.