Damu Ikitoka Puani: Inama Mbele, Bana Pua, Tazama Saa

(Mazungumzo yaliyotolewa na muuguzi kwenye semina ya kamati za afya za parokia)



Huenda baadhi yenu mlitarajia nizungumzie malaria au maji safi. Leo nimeombwa nizungumzie jambo linaloonekana dogo, yaani kutokwa na damu puani. Ni dogo kwa sababu mara nyingi damu hukatika bila dawa yoyote. Hata hivyo wengi wetu hulishughulikia kinyume na inavyotakiwa, na kwa mtoto mchanga au mzee anayetumia dawa, kuchelewa kufanya lililo sahihi kunaweza kuhatarisha maisha.

Inakadiriwa kuwa watu 6 kati ya 10 hutokwa na damu puani angalau mara moja katika maisha yao. Wanaopatwa zaidi ni watoto wa miaka 2 hadi 10, na watu waliovuka miaka 50. Kwa hiyo tatizo hili limo katika chekechea zetu, kwaya zetu na jumuiya zetu.

Damu hutoka wapi?

Ndani ya pua kuna ukuta unaotenganisha tundu mbili. Sehemu ya mbele ya ukuta huo, pale kidole kinapofika kwa urahisi, mishipa midogo ya damu hukutana na kufanya kama wavu chini ya ngozi nyembamba sana. Madaktari hupaita eneo la Kiesselbach, kwa jina la daktari Mjerumani wa karne ya 19. Karibu mara 9 katika kila 10, damu hutoka hapo. Hiyo ni habari njema, kwa sababu mahali hapo panaweza kubanwa kwa vidole viwili.

Mara chache damu hutoka nyuma zaidi, kwenye mishipa mikubwa, na kutiririka kooni. Hali hii huwapata zaidi wazee. Kubana pua pekee huenda kusiizuie, na mgonjwa huyo anahitaji hospitali.

Sababu zake ni zipi?

Sababu ya kawaida kabisa ni ukavu. Ndugu zetu wa Dodoma na Singida wanaelewa vizuri. Wakati wa kiangazi upepo huwa mkavu na vumbi ni jingi. Ute wa pua hukauka na kuwa gamba, mtoto hulichokonoa kwa kidole, na mshipa hupasuka. Moshi wa kuni jikoni, mafua, mzio na kupenga kamasi kwa nguvu huongeza tatizo.

Sababu nyingine ni kupigwa au kuanguka. Iko pia ya watoto kujiingizia vitu puani, kama punje ya mahindi, harage au shanga. Mtoto anayetoa uchafu wenye harufu mbaya au damu katika tundu moja tu, apelekwe akachunguzwe. Kama ni betri ndogo ya saa au ya mwanasesere, ni dharura ya saa hiyohiyo, kwa kuwa huunguza nyama ya pua ndani ya muda mfupi.

Kwa watu wazima, tuangalie dawa. Aspirini na dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, hufanya damu ichelewe kukatika. Magonjwa ya ini na ya damu hufanya hivyo pia. Kuhusu presha, si kila anayetokwa na damu puani ana presha, lakini mwenye presha iliyopanda damu yake huwa ngumu kukatika. Mtu asiache dawa zake kwa uamuzi wake mwenyewe, akamwone daktari.

Wapo wanaosema mtoto amerogwa au ameingiwa na jini. Ndugu zangu, sala ni njema wakati wote. Lakini mkono mmoja uwe umebana pua tunaposali.

Huduma ya kwanza

Naomba mwandike hatua hizi na kuzibandika ukutani, shuleni na ofisini:

1. Mtulize mgonjwa. Hofu humfanya alie na kuhangaika, na damu huzidi.

2. Aketi wima, kisha ainamishe kichwa mbele kidogo.

3. Abane sehemu laini ya pua, chini ya mfupa, kwa kidole gumba na cha shahada. Tundu zote mbili zifungwe. Akiweza, abane mwenyewe. Wewe unayemsaidia vaa glavu, au mfuko safi wa plastiki mkononi kama glavu hazipo.

4. Apumue kwa mdomo na kutema damu inayofika mdomoni, asiimeze.

5. Tazama saa. Bana dakika 10 hadi 15 bila kuachia hata mara moja. Hapa ndipo wengi tunaposhindwa. Dakika 2 tunaziona 10, tunaachia ili tuchungulie, na damu iliyoanza kuganda inabanduka. Inabidi kuanza upya.

6. Kama bado inatoka, bana tena kwa muda uleule. Wakati huohuo mwenzako aanze kutafuta usafiri, hasa kama kituo cha afya kiko mbali.

Yasiyofaa

Usimwinamishe kichwa nyuma wala kumlaza chali. Damu haikatiki kwa hilo. Inaingia kooni na tumboni tusiione. Mgonjwa hutapika, na mtoto anaweza kupaliwa. Akizimia, mlaze ubavu. Usibane juu kwenye mfupa, kwa maana mfupa haubanwi. Usimwingizie majani, ugoro, wala pamba inayoacha nyuzi. Kumwagia maji baridi kichwani hakuwezi kuchukua nafasi ya kubana.

Damu ikishakatika, kwa saa 24 asipenge kamasi, asichokonoe pua, asibebe ndoo wala mzigo mzito, na aepuke vinywaji vya moto sana. Kupaka mafuta ya mgando kidogo mlangoni mwa pua, asubuhi na jioni, husaidia kuzuia ukavu.

Nani apelekwe hospitali?

Apelekwe bila kusubiri: mtoto chini ya miaka 2, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, anayetokwa na damu nyingi au damu inayoteremka kooni, anayetapika damu, aliyepauka, anayesikia kizunguzungu au kuhema kwa shida, na aliyepigwa au kuanguka kwa kichwa, hasa maji meupe yakimtoka puani. Apelekwe pia ambaye damu haikukatika baada ya kubana mara mbili, yaani nusu saa. Anayetokwa mara kwa mara, au mwenye michubuko mwilini bila kuumia, apangiwe siku ya kupimwa.

Mwenye homa kali pamoja na kutokwa na damu, msimguse bila kinga. Toeni taarifa kituo cha afya mara moja. Mkoa wa Kagera ulipata mlipuko wa Marburg mwaka 2023 na tena mwaka 2025, na ugonjwa huo huambukiza kwa damu na majimaji ya mwili.

Tufanye nini kama kamati?

Jambo hili halihitaji mradi mkubwa. Kila shule na kila ofisi ya parokia iwe na kisanduku chenye glavu, vitambaa safi na mafuta ya mgando, pamoja na saa ya ukutani inayofanya kazi. Walimu 2 wafundishwe, nao wawafundishe watoto kwa vitendo, kila mtoto akibana pua yake mwenyewe. Kamati iwe na namba ya simu ya mwenye gari au pikipiki aliyekubali kuitwa hata usiku.

Na ninyi wafadhili wetu, tunaposema mchango wenu umenunua glavu na nauli, msione ni kidogo. Vidole viwili huwatosha wagonjwa walio wengi. Wachache waliobaki huokolewa na usafiri uliopatikana mapema, na hao ndio tunaoweza kuwapoteza.

Sasa naomba kila mmoja abane pua yake, tuone kama tumeelewana ni wapi.