Vuta N'kuvute Ukurasani na Kwenye Skrini
Mhadhara wa umma uliotolewa Tinde, Shinyanga



Nimeombwa nizungumzie filamu zinazotokana na vitabu. Mifano ya nje ni tele, lakini sitaki tuanzie huko, kwa sababu tunayo filamu ya Kiswahili iliyotokana na riwaya ya Kiswahili, tena riwaya ambayo wanafunzi wanaijua kwa ajili ya mtihani. Nasema juu ya Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 1999. Amil Shivji ameitengenezea filamu yenye jina hilohilo. Ilionyeshwa Toronto, Kanada, mwezi Septemba 2021, na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kuwania tuzo ya Oscar. Nchi yetu haikuwa imepeleka filamu huko tangu Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, mwaka 2001.

Filamu hii ikitajwa darasani, swali la kwanza ni lilelile: "Mwalimu, mbona wamebadilisha?" Nalipenda swali hilo, maana anayeliuliza kitabu amekisoma. Ila tukiishia hapo tutabaki kuhesabu yaliyokatwa, na filamu ya saa moja na nusu haina budi kukata. Mimi naomba tuulize jingine. Kitabu kilikuwa kinagombana na nani, na je, filamu imeuendeleza ugomvi uleule?

Tuangalie mwanzo. Katika riwaya, Yasmin ni binti wa Kihindi mwenye miaka 15, anayeozwa kwa Bwana Raza, mfanyabiashara mwenye miaka 52. Adam Shafi hana haraka. Anatuketisha ndani ya ndoa ile mpaka tuuone umri wa mume na upweke wa msichana ambaye ndani ya nyumba hana wa rika lake. Mume anampeleka Mombasa. Yasmin anamkimbia, anarudi Unguja, na jamaa zake mwenyewe wanamkataa. Ndipo anapopata hifadhi mtaa wa Ng'ambo, kwa mwanamke aitwaye Mwajuma, na kwa kupitia Ng'ambo hiyo anakutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi ambaye polisi wa Mwingereza hawambandui macho. Msomaji anapofika kwa Denge ameshatembea na Yasmin hatua kwa hatua, na anajua ni vitu gani binti huyu ameshapoteza.

Katika filamu, Denge na Yasmin wanakutana usiku, Yasmin akiwa njiani kwenda kuozwa. Hebu fikirini ukubwa wa badiliko hilo. Adam Shafi alisema: udhalimu wa nyumbani ndio uliomfundisha msichana huyu kuuona udhalimu wa serikali, na somo hilo lilimchukua muda mrefu. Shivji anasema: mambo hayo mawili yalikuwa yanapita katika kichochoro kimoja, usiku mmoja. Kitabu kinatushawishi kwa kufuatisha jambo baada ya jambo. Filamu inatushawishi kwa kuyaweka mambo ubavu kwa ubavu mbele ya macho yetu. Ugomvi ni uleule: nani mwenye mamlaka juu ya maisha ya binti, na nani mwenye mamlaka juu ya kisiwa. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kitabu kimeharibiwa.

Hata hivyo kuna kitu kilichopotea, na kwangu mimi ni kizito. Mahali panapoumiza kuliko pote katika riwaya ile ni pale Yasmin anapokataliwa na ndugu. Aliyemkataa hakuwa Mwingereza. Adam Shafi, mtu aliyepata kufungwa baada ya kuuawa kwa Mzee Karume mwaka 1972 na baadaye akaandika Haini, anajua kwamba dhuluma haiji na meli peke yake. Nyingine imelala nasi ndani. Mlango unaofungwa usoni mwa mtoto unahitaji miezi mingi nyuma yake ili msomaji ausikie ukifungwa. Filamu haina miezi ya kutoa.

Sasa nitazame upande wa pili wa mizani. Mwajuma wa filamu ameigizwa na Siti Amina, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar. Mwandishi anaweza kutuambia kwamba wimbo uliwatoa watu machozi, nasi tukamwamini kwa sababu tunamheshimu. Siti Amina akifungua kinywa hakuna haja ya kuamini lolote, kwani tunasikia. Na kuna faida ambayo nyinyi wa Shinyanga mtaielewa kuliko mtazamaji wa Dar es Salaam. Mwanafunzi aliyekulia Kisukuma nyumbani na Kiswahili shuleni huisoma lahaja ya Unguja kwa macho tu. Anakutana na neno, anabahatisha maana, anapita. Filamu inampa mdundo wake: mahali pa kuvuta, mahali pa kukata, mahali ambapo mtu wa Unguja anatukana kwa upole. Baada ya kusikia hivyo, akirudi kwenye kitabu, mazungumzo yanaamka. Ndiyo maana nawaambia walimu wasiifiche filamu. Waionyeshe, ila baada ya kitabu kusomwa, maana mwanafunzi atakayejibu mtihani kwa kukumbuka filamu atamkutanisha Denge na Yasmin usiku usiokuwamo kitabuni.

Lakini jambo ninalolitafakari zaidi ni msimulizi. Ndani ya riwaya yumo mtu anayesema nasi, mwenye maneno mengi, anayejua habari za mtaa mzima. Koplo Matata anatisha na wakati huohuo anachekesha, kwa sababu msimulizi ameamua tumcheke. Mwondoe msimulizi, Koplo anabaki polisi. Hakuna kamera inayoziba nafasi hiyo kwa urahisi.

Watu wa kanda hii mlishapata jibu la tatizo hilo zamani, labda bila kujua kwamba ni jibu. Wangapi hapa mliangalia filamu za nje kwenye mabanda ya video, kule machimboni Geita na Kahama, au hapahapa njia panda, mahali magari ya Kahama, Mwanza na Nzega yanapokutana? Kibanda umiza, benchi la mbao, joto, na juu ya sauti za waigizaji sauti ya Mtanzania mmoja. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, alianza kwa kusimulia filamu mbele ya watazamaji wa Dar es Salaam, kisha akaingiza sauti yake kwenye kanda. Alitafsiri, ndiyo, lakini alifanya zaidi: alieleza desturi, alitoa hukumu juu ya tabia za wahusika, aliongeza chumvi pale hadithi ilipopoa. Wapo waliomdharau. Mimi naiita kazi yake fasihi, na mtafiti Mjerumani Matthias Krings aliiona hivyo mapema kuliko idara zetu nyingi. Lufufu aliirudishia filamu msimulizi iliyemkosa. Kwa nini mtengeneza filamu wetu, akichukua riwaya ya Kiswahili, asithubutu kufanya hivyo kwa makusudi?

Ousmane Sembène wa Senegali alikuwa na shida nyingine. Hadithi yake Le Mandat, ya mwaka 1966, aliiandika kwa Kifaransa, na maskini wa Dakar aliowaandika hawakuweza kuisoma. Mwaka 1968 akaifanya filamu, Mandabi, kwa Kiwolofu. Kwake yeye filamu ilikuwa njia ya kuirudisha hadithi kwa wenyewe. Sisi kitabu chetu tayari kinazungumza lugha ya watu. Tunachodaiwa ni kingine: kukitumia.

Na hatukitumii. Mwigizaji Steven Kanumba alizaliwa mkoa huu, mwaka 1984, akafariki Aprili 2012 akiwa na miaka 28. Alikuwa na uso na sauti vya kubeba mhusika yeyote wa riwaya za Euphrase Kezilahabi. Tasnia aliyoitumikia iliendeshwa zaidi na hadithi zilizotungwa kwa ajili ya kamera, nyingi kwa haraka, huku riwaya zetu zikibaki kwenye makabati ya shule. Nalisema kwa uchungu.

Mfano ninaoutaka uwe kazi ya kizazi hiki uko ng'ambo ya maji tu, Ukerewe. Aniceti Kitereza alimaliza kuandika hadithi ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilitoka kwa Kiswahili, kwa tafsiri yake mwenyewe, kupitia Tanzania Publishing House mwaka 1980. Myombekere anakataa kumwacha mke ambaye hajamzalia mtoto aliye hai, ingawa ukoo unamsema. Wakwe wanamchukua binti yao, na ili arudishiwe anatakiwa kuwapikia pombe ya ndizi. Kitereza anaieleza kazi ya pombe hiyo kuanzia ndizi hadi mtungi, na msomaji wa mjini huruka kurasa hizo. Anakosea. Uvumilivu wa mume yule umo ndani ya kazi ile. Ndiyo kauli yake ya mapenzi, kwani kwa mdomo hasemi mengi. Kamera ingeweza kukaa hapo, juu ya mikono inayokamua, bila neno hata moja, na mtazamaji wa Tinde angeelewa yote. Hapo filamu ingekipita kitabu, na Kitereza asingekasirika.

Atakayetaka kuianza kazi hiyo ajue pa kubisha hodi. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, haki ya kugeuza kitabu kuwa filamu ni ya mwandishi, na huendelea miaka 50 baada ya kifo chake. Kitereza alifariki mwaka 1981. Mpaka mwisho wa mwaka 2031, mazungumzo ya kwanza ayafanye na warithi wa Kitereza, kabla ya kutafuta kamera.