Kagueni na Madawati

Mwaka jana dalali alinionyesha nyumba pembezoni mwa Dar es Salaam: vyumba vitatu, maji ndani, bei ya kuelewana. Nikasema, "Kwanza tupite shuleni." Akacheka.

Tangu ada ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2001, watoto wengi wamepata shule, na hilo ni jema. Lakini kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Mimi nilihesabu 112 katika chumba kimoja, wengine wameketi sakafuni.

Nikanunua nyumba nyingine, vyumba viwili kwa bei ileile, karibu na shule yenye nafasi. Mama watoto akanuna. Nikamwambia: chumba cha tatu tutajenga polepole, miaka ya mtoto haingoji.

Ndugu zangu, mkishakagua paa, kagueni na madawati.