Nyama ya Kununua na Nyama ya Kuacha

Leo tutazungumza juu ya nyama: namna ya kuichagua sokoni, na namna ya kumchagua mtu anayeiuza.

Najua wengine mutasema: «Mganga, nyama iko kitu cha Noeli na cha wageni. Sisi tunakula sombe na maharagi.» Ni kweli, na sombe na maharagi ni chakula chema. Lakini angalia kiganja cha mtoto wako, tena ndani ya mdomo wake. Ukiona peupe, damu imepungua. Malaria na minyoo hupunguza damu, na chakula nacho kina sehemu yake. Mtoto akitimiza miezi 6, maziwa ya mama peke yake hayampatii tena madini ya chuma ya kutosha, yale yanayotengeneza damu. Usimwachishe ziwa, mwongezee chakula. Nyama kidogo tu, vijiko viwili iliyopondwa laini, inamfaa sana. Hata chuma kilicho ndani ya maharagi huingia mwilini vizuri zaidi maharagi yakiliwa pamoja na nyama.

Lakini hapa kuna desturi moja ambayo lazima niitaje. Nyama inaiva, baba anapewa minofu, wageni wanapewa minofu, na mtoto anapewa mchuzi. Mchuzi ni maji yenye harufu ya nyama! Mtoto apewe nyama yenyewe, iliyokatwakatwa na kupondwa. Wababa wakikasirika, muwaambie wakuje hapa tuzungumze nao.

Sasa, kwa kuwa franga ni kidogo, mama anatafuta nyama ya bei ya chini. Na hatari iko pale pale.

Mwuza nyama mwema unamjua namna gani? Kwanza, yuko pahali pamoja kila siku ya soko. Mtu wa namna hii anaogopa kukupoteza, kwa sababu kesho utapita tena mbele yake. Yule anayekuja mlangoni usiku na nyama ndani ya gunia, kesho utamtafuta wapi? Katika miaka hii ya vita mifugo mingi imenyang'anywa watu, na mnyama wa wizi hachinjwi mchana mbele ya mkaguzi.

Umwulize maswali bila haya: Mnyama alitoka wapi? Alichinjwa lini? Mkaguzi alimwona? Muhuri uko wapi? Omba uone kichwa na ngozi. Mchinjaji wa kweli hafichi kichwa. Akikasirika kwa sababu umeuliza, shika njia yako. Uangalie pia mikono yake, kisu chake, na lile gogo anakokatia. Gogo lioshwe na kukwaruzwa kila siku. Likinuka, nyama yote inayopita juu yake inachukua uchafu. Na usimtume mtoto mdogo kununua. Yeye hupewa mifupa na vipande ambavyo wakubwa wamekataa.

Kisha angalia nyama yenyewe. Nyama mpya ya ng'ombe iko nyekundu, ya nguruwe ina rangi ya waridi. Bonyeza kwa kidole: ikirudi juu, ni nzuri; shimo likibaki, imekaa sana. Ikiteleza kama sabuni, au ikiwa na rangi ya majani, au ikinuka uchungu, uiache. Ini likiwa na vifuko vyeupe vya maji au minyoo bapa kama majani madogo, usilinunue. Ukivikuta nyumbani, choma au fukia chini sana. Usimtupie mbwa, kwa sababu mbwa hueneza minyoo ya vile vifuko.

Nguruwe inatupasa kuisema peke yake, maana huku kwetu inaliwa sana. Ukiona ndani ya mnofu vitu vyeupe kama chenga za mchele, ile ni minyoo michanga ya tegu. Wachinjaji wanaojua kazi hutazama chini ya ulimi wa nguruwe kabla ya kumnunua, maana mara nyingine chenga huonekana pale. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva, tegu hukua ndani ya matumbo yake na mayai yake hutoka pamoja na mavi. Mayai hayo yakiingia kinywani mwa mtu, kwa mikono michafu au mboga isiyooshwa, yanaweza kufika mpaka kwenye ubongo na kuleta kifafa. Jirani wanasema mtoto amerogwa, kumbe ni choo kisichofunikwa na nguruwe anayezunguka ovyo. Basi nguruwe afungiwe, na choo kitumiwe na kila mtu.

Sasa tufike kwenye nyama mbaya kuliko zote: nyama ya mnyama aliyekufa peke yake.

Munajua mto Ishasha, ule unaoingia katika Ziwa Edouard. Mwezi wa 4 mwaka 2025 viboko 50 hivi walionekana wamekufa katika mto ule na kando ya ziwa, ndani ya Hifadhi ya Virunga, na nyati pia. Walipopimwa, ilionekana kwamba ni ugonjwa wa kimeta. Kwa Kifaransa unaitwa charbon, ni kusema makala, kwa sababu ya kidonda chake cheusi. Upande wa Uganda, katika hifadhi ya Queen Elizabeth, kimeta kiliua viboko wengi mwaka 2004, na tena mwaka 2010. Basi si jambo la mbali. Ukisimama huku Kanyabayonga, lile bonde liko chini yetu, na nyama hupanda kilima kama vile samaki wa Vitshumbi wanavyopanda.

Kimeta hushika pia ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mnyama alikuwa mzima jioni, asubuhi amekufa. Tumbo linavimba upesi, na damu nyeusi isiyoganda inatoka puani na nyuma. Usimpasue! Usimchune! Usiwagawie jirani! Mita mkaguzi wa mifugo, na mnyama afukiwe chini sana. Najua ni uchungu kufukia ng'ombe mzima watoto wakiwa na njaa. Lakini sikia vizuri: mbegu ya kimeta haifi kwa moto wa jikoni wa kawaida. Kuchemsha hakutaisafisha nyama hiyo, wala kuikausha kwa moshi, wala chumvi.

Sokoni utaijua namna gani? Mara nyingi mnyama aliyekufa bila kuchinjwa ana nyama nyeusi-nyeusi, na damu imebaki ndani ya mishipa. Tena bei yake iko chini kupita zote. Lakini ikikatwa vipande vidogo na kuoshwa, hata mimi siwezi kuitambua. Ndiyo sababu nimesema sana juu ya mwuzaji kabla ya kusema juu ya nyama.

Na nyama ya pori je? Tulipita katika Ebola ya Beni na Butembo, toka mwezi wa 8 mwaka 2018 mpaka mwezi wa 6 mwaka 2020, na watu 2.287 walikufa. Wengi waliambukizwa na watu wenzao, si na nyama. Lakini Ebola inaweza kutoka kwa wanyama wa msitu kuingia kwa watu, basi nyani au popo aliyeokotwa amekufa asiguswe hata kidogo.

Kwa nyama nzuri, neno la jikoni. Upike siku ile ile. Baridi ya mlima wetu inadanganya, nyama huoza hata hapa. Upike mpaka ndani pasibaki pekundu. Tena ujue kwamba huku juu maji huchemka kabla ya kupata moto mkali kama kule bondeni. Kwa hiyo uongeze wakati, hata kama makala ni ya bei. Kisu cha nyama mbichi kioshwe kwa sabuni kabla ya kukata mboga.

Mtu akishika au akila nyama yenye mashaka, kisha akapata kidonda kisichouma sana, chenye kuvimba pembeni na cheusi katikati, au homa pamoja na tumbo kali, kutapika na kuharisha damu, aletwe hapa siku ile ile. Asikanyage kwanza kwa mwenye kuchanja au kuuza dawa barabarani. Dawa ya kimeta iko na inaponya ikiwahi. Aseme wazi alikula nini na aliinunua kwa nani, kwa sababu wengine walionunua pale wanapaswa kutafutwa mbele ya usiku. Hatutamshitaki mtu.

Haya, wenye maswali mubaki karibu nami. Wengine mupeleke watoto kwenye mizani, na kila mama ashike kadi yake mkononi.