Kuwasimamia Vijana Waliozuiliwa na Watu Wawalindao

Jioni hii twataka kusema nanyi habari za kazi moja ambayo watu wachache huiona kwa macho, nayo ni kazi ya kuwasimamia vijana waliozuiliwa kwa amri ya mahakama, pamoja na watumishi wanaowalinda na kuwafundisha. Labda mtauliza, "Habari hizi zatuhusu nini sisi wakulima na wanafunzi?" Zatuhusu sana. Vijana hao hawakuota kama uyoga baada ya mvua. Wametoka katika nyumba zetu na madarasa yetu, na siku zao zikiisha watarudi katika nyumba hizo hizo. Watakuwa watu wa namna gani siku hiyo ya kurudi? Hilo ndilo jambo lililotuleta mbele yenu.

Watu wengi hudhani kwamba mkuu wa nyumba kama hiyo hana kazi ila kuwatazama vijana. Kuta zikiwa ndefu na kufuli zikiwa imara, basi yote ni sawa. Sisi twasema sivyo. Kazi yake ya kwanza ni watumishi wake. Kijana aliyefungiwa hana mtu mzima wa kumwiga ila yule mwenye funguo. Humtazama anavyofungua mlango asubuhi, humsikiliza anavyosema na mwenzake, na hukumbuka kama ahadi ya jana imetimizwa leo. Kwa hiyo mkuu awezaye kuwaongoza wenye funguo amekwisha kufanya nusu ya kazi ya kuwaongoza walio ndani.

Na tukumbushane kidogo habari za zamani. Katika Uingereza, kama katika nchi nyingi, kijana aliyeiba alitiwa katika jela moja na wezi wazee, akatoka huko hodari zaidi katika wizi. Mwaka 1902 Bwana Evelyn Ruggles-Brise, aliyekuwa mkuu wa halmashauri ya jela, alianza kuwatenga vijana katika jela ya kijiji kiitwacho Borstal, huko Kent. Sheria ya mwaka 1908 ikauthibitisha mpango huo kwa vijana wa umri wa miaka 16 hadi 21, na jina la kijiji likawa jina la nyumba zote za namna hiyo.

Baadaye akaja Bwana Alexander Paterson, aliyeingia katika halmashauri hiyo mwaka 1922. Yeye aliona kwamba majengo hayamgeuzi mtu, bali mtu humgeuza mtu. Akatafuta watumishi wenye moyo wa kuwalea vijana. Vijana wakagawanywa katika nyumba, kila nyumba na mkuu wake awajuaye kwa majina. Na watumishi wakaacha mavazi ya kiaskari, wakavaa nguo za kawaida. Mwezi wa Mei mwaka 1930 Bwana W. W. Llewellin aliondoka Feltham, karibu na London, pamoja na watumishi na vijana wapata 40, wakaenda kwa miguu siku nyingi mpaka Lowdham Grange, karibu na Nottingham, wakajenge kwa mikono yao nyumba mpya isiyo na ukuta. Fikirini jambo hilo. Njiani hapakuwa na kufuli. Kilichowashika vijana wale ni kwamba watumishi walikwenda njia ile ile, kwa miguu ile ile, katika jua na mvua ile ile.

Bwana Paterson huyo alizikagua pia jela za Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, akaandika taarifa yake mwaka 1939. Hatusemi kwamba Borstal za Uingereza zilikuwa njema zote. Katika miaka ya 1970 wengi waliotoka humo walihukumiwa tena, na sheria ya mwaka 1982 ikaziondoa. Lakini katika Kenya jina hilo lingalipo: iko Shikusa katika Kakamega, na Shimo la Tewa katika Mombasa, kwa wavulana, na Kamae, Nairobi, kwa wasichana. Tanzania nayo ina Shule ya Maadilisho ya Irambo huko Mbeya, na ina nyumba za mahabusu ya watoto, kama ile ya Upanga katika Dar es Salaam, ambamo watoto hungojea kesi zao. Basi kazi hii si ya ng'ambo wala ya zamani tu. Ni yetu, na ni ya leo.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Jambo la kwanza ni hesabu. Vijana huhesabiwa wanapoamka, wanapokwenda shambani au karakana, wanaporudi, na wanapolala. Mtumishi mvivu huhesabu vichwa tu, kama mtu ahesabuye mbuzi zizini. Mtumishi mwema huhesabu kwa majina, na katika kuhesabu hutazama uso: huyu macho yamevimba, yule anachechemea, mwingine hajala tangu jana. Kuhesabu kwa namna hiyo hakuongezi hata robo ya saa, lakini huokoa mambo mengi. Mkuu naye asiridhike kuletewa tarakimu. Aulize, "Mmewaonaje?"

Jambo la pili ni daftari la zamu. Watumishi hupokezana mchana na usiku, na yule aondokaye huwa na habari ambazo yule aingiaye hanazo. Tuseme kijana mmoja ameambiwa jioni kwamba mama yake ni mgonjwa sana. Usiku kucha hakulala. Asubuhi anaamriwa kuamka, haamki. Anaamriwa mara ya pili, anajibu kwa ukali. Mtumishi wa asubuhi asiyejua habari ya jioni ataona ukaidi, naye atakasirika, na labda mkono utainuka. Lakini kama mtumishi wa usiku aliandika mistari miwili tu katika daftari, na mwenzake akaisoma kabla ya kushika funguo, atakaa kitandani karibu na kijana na kumwuliza habari za mama. Kijana ni yule yule na asubuhi ni ile ile. Kilichotofautiana ni mistari miwili ya wino. Kwa sababu hiyo mkuu hana budi kulisoma daftari kila siku na kutia sahihi yake chini, maana kitabu kisichosomwa na mkubwa, wadogo huacha kukiandika.

Jambo la tatu ni hatari ambayo huingia polepole kama mchwa katika boriti. Watumishi wakiwa wachache na vijana wengi, mtumishi aliyechoka huona njia fupi: humchagua kijana mmoja mwenye nguvu, humfanya mnyapara, akamwachia bweni. Kwa macho ya nje bweni limetulia kabisa. Ndani yake wadogo wananyang'anywa chakula, wanafulishwa nguo za wakubwa, wanapigwa gizani, wala hawathubutu kusema. Utulivu wa namna hiyo si adabu, ni hofu. Kijana apewe kazi ya kuongoza wenzake katika kufagia, kulima, au kucheza mpira, na hilo ni jema. Lakini asipewe kamwe mamlaka ya kuadhibu. Mkuu atajuaje? Apite bwenini usiku saa asizotazamiwa. Ale siku moja moja chakula cha vijana, akitazama nani anakula nyama na nani anakula mchuzi.

Jambo la nne ni fimbo. Hapa twajua wengi wenu mtatupinga, mkituambia kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Mithali hiyo ni kweli, nasi hatusemi kijana aachwe afanye apendavyo. Mtoto akikosa akatazwe, arudishe alichoiba, atengeneze alichovunja, akose mchezo wa jioni. Lakini kijana aliyeletwa kwa kosa la kupiga watu, akipigwa na mtu wa serikali, amejifunza nini? Amejifunza kwamba mwenye nguvu hupiga, naye atangoja siku yake ya kuwa na nguvu. Mwaka 1990 Umoja wa Mataifa ulizikubali Kanuni za Havana, zinazowahusu vijana walionyimwa uhuru. Kanuni hizo zinakataza adhabu ya viboko, na kumtia kijana katika chumba cha giza au cha upweke, na kumpunguzia chakula, na kumnyima kuonana na jamaa zake. Zinakataza pia watumishi wa nyumba hizo kuchukua silaha. Kumshika kijana kwa nguvu kunaruhusiwa pale tu njia nyingine zote zimeshindwa, ili asijiumize, asiumize mwingine, wala asiharibu mali vibaya. Tena kwa muda mfupi, kwa amri ya mkuu, na habari ipelekwe kwa wakubwa wa juu.

Kanuni ni nzuri, lakini kanuni haina mikono. Hujaribiwa siku ile mtumishi mmoja anapompiga kijana na wenzake wawili wamesimama pale. Je, watasema au watanyamaza? Wakinyamaza, vijana wote wameona, nao wamejua kwamba katika nyumba hii ukweli hauna mtetezi. Wakisema, na mkuu akawadharau au akawahamisha, hawatasema tena, wala mwingine hatasema baada yao. Hapo ndipo kazi ya mkuu inapopimwa. Yampasa amsikilize aliyesema, amwite aliyepiga, amsikilize naye, aandike, na apeleke habari mahali panapostahili hata kama aliyepiga ni rafiki yake wa miaka mingi. Mkuu afichaye kosa moja la mtumishi amejifunga kuyaficha yote.

Hata hivyo tusiwafanye watumishi kuwa watu wabaya. Kazi yao ni nzito. Mara nyingine hutukanwa kutwa, hukesha usiku, nao wana watoto wao nyumbani wasiowaona. Sisi tulio katika kazi ya kuwafundisha walimu twajua jambo hili: mwalimu asiyefundishwa jinsi ya kushika darasa hukimbilia fimbo kwa sababu hana chombo kingine mkononi. Vivyo hivyo mlinzi. Afundishwe kabla ya kupewa funguo: jinsi ya kusema kwa sauti ya chini wakati kijana anapiga kelele, jinsi ya kumwondoa mbele ya wenzake ili asione haya, jinsi ya kumwita mtumishi mwingine anapojiona yeye mwenyewe hasira zimempanda. Apewe mapumziko yake. Akikosea jambo dogo, aonywe faraghani, wala si mbele ya vijana. Akifanya vema, asifiwe waziwazi. Mtumishi anayedharauliwa na mkubwa wake asubuhi huyateremsha madharau hayo kabla ya adhuhuri, na yataishia kwa mtoto mdogo kuliko wote katika nyumba.

Neno letu la mwisho ni kwenu ninyi mlio vijijini. Kanuni tulizozitaja zasema kijana atembelewe na jamaa zake mara moja kwa juma ikiwezekana, wala isipungue mara moja kwa mwezi. Lakini mlango hauna faida ukifunguliwa na asije mtu. Wako wazazi ambao, kwa haya au kwa hasira, hawajaandika hata barua moja. Nendeni. Kama nauli ni shida, andikeni, na ninyi wanafunzi mwaandikie wazee wasiojua kuandika. Kijana anayetembelewa ana mtu wa kumwambia yaliyomkuta, na mtumishi naye hukumbuka kwamba mtoto huyu ana wenyewe. Mkimwona mtoto ana majeraha, ulizeni kwa adabu, na msiporidhika na jibu, ulizeni kwa ofisa wa ustawi wa jamii au mahakamani. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 na ile ya Kenya ya mwaka 2022 zote zimetungwa ili mtoto alindwe, hata yule aliyekosa.

Na siku atakaporudi, msimwite kwa jina la kosa lake. Mpeni jembe, au cherehani, au randa, kufuatana na kazi aliyojifunza, na mtazameni anavyoifanya. Mwalimu wa shule ampe nafasi darasani kama umri wake ungali unaruhusu. Mkuu mwema na watumishi wema wanaweza kumfikisha kijana mpaka langoni. Kutoka langoni mpaka nyumbani ni juu yetu sote.