Ramani ya Reli na Mti wa Vifaa

Leo nawazungumzieni kutoka Stratford, mashariki ya London. Katika stesheni hii, treni za Central zilifika mwaka 1946, reli nyepesi ya Docklands mwaka 1987, na Jubilee mwaka 1999. Ramani ya ukutani huonyesha njia zote hizo, hata siku ambayo treni za njia mojawapo zimesimamishwa. Ratiba hubadilika, reli haiondoki ardhini.

Jambo hilo latusaidia kuelewa kosa linalowapotezea muda vijana wanaounda vyombo kwa kutumia kerneli ya Linux. Kerneli husomeshwa mti wa vifaa, yaani maelezo ya vipuri vilivyomo kwenye bodi, pamoja na anwani zake. Mtindo huu ulienea katika bodi za ARM baada ya mwaka 2011, Linus Torvalds alipolalamikia wingi wa msimbo uliokuwa ukirudiwarudiwa.

Kijana huandika ndani ya mti amri ya #ifdef pamoja na jina linaloanza na CONFIG, akitaka kifaa kionekane pale tu programu yake inapokuwamo katika kerneli. Hapati onyo lolote, lakini kifaa hakionekani kamwe. Kwa nini? Faili hilo hupitia kwanza kichakataji cha awali cha lugha ya C. Nacho huielewa amri hiyo, ila hakipewi majina ya CONFIG. Hivyo mistari yote iliyozingirwa hutupwa kimyakimya.

Hayo yamekusudiwa. Mti waeleza kilichopo, si tulichokichagua. Programu isipokuwamo, kerneli hukipita kifaa hicho tu.

Dawa yake ni hii: yaliyo ya pamoja yaandikwe katika faili la dtsi, na kila bodi iwe na faili lake la dts. Kifaa kisichotumika kipewe status = "disabled", mfano wa jukwaa lililofungwa lakini lingali ramanini. Majina ya CONFIG yabaki katika Makefile, yakiamua miti ipi ijengwe. Vipuri vya kuongezwa baadaye viwe na mti wa nyongeza, kama ilivyo kwa Raspberry Pi.

Hapo fundi wa Mwanza au Mombasa ataweza kutumia kerneli moja kwa bodi kadhaa, akibadilisha mti peke yake. Ramani ikifuata matakwa ya mchoraji, msafiri hupotea. Kwaherini.